Taka za Kariakoo Zimwagwe Wapi? Haki ya Kuishi Mbele ya Mahakama

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto, chanjo na maji ya kunywa. Mwezi huu tunawaomba mtufuate mahali ambapo ukurasa wa afya hauendi mara nyingi, yaani mahakamani. Labda baba mmoja atauliza: mahakama na afya vinahusiana nini? Mahakamani si wanakopelekwa wezi na wanaogombea viwanja?

Vinahusiana sana. Jijini Dar es Salaam wapo watu wa kawaida, wazazi kama sisi, waliokwenda Mahakama Kuu kwa sababu ya nzi, moshi na harufu mbaya. Walisema kwamba kumwagiwa taka za jiji zima karibu na nyumba zao ni kunyimwa haki ya kuishi. Majaji waliwasikiliza, wakakubaliana nao. Hukumu hizo zinatajwa mpaka leo kila wanasheria wanapojadili haki ya raia kuishi katika mazingira safi. Hata hivyo ni familia chache zinazozifahamu, ingawa zinahusu debe la taka lililo nyuma ya kila mlango.

GUNIA LA MAGANDA LINAKWENDA WAPI?

Tuanzie sokoni. Kila anayekaa katikati ya jiji anaijua Kariakoo ya alfajiri. Malori yanashusha ndizi, nyanya, kabichi na machungwa. Wapagazi wanapishana na mikokoteni, na akina mama lishe wanawasha majiko. Jua linapopanda, mitaa ya Mkunguni, Swahili, Tandamti na Nyamwezi inajaa watu. Jioni watu wanarudi nyumbani na vikapu vyao, na sokoni yanabaki maganda, majani, nyanya zilizooza, maboksi, vichwa vya samaki na plastiki za kila namna.

Soko lenyewe, lile jengo lenye paa kama miavuli lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kwa ajili ya mji uliokuwa mdogo kuliko wa leo. Katika sensa ya mwaka 1988 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao milioni 1.36. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3. Kila mmoja wao anakula, na kila anayekula anaacha mabaki.

Mabaki hayo yanapoondolewa tunafurahi, tukisema mtaa wetu ni safi. Lakini taka ikiondoka mbele ya macho yetu haijatoweka, imehamia mbele ya macho ya mwingine. Kwa miaka mingi huyo mwingine alikuwa mkazi wa Tabata.

WAKAZI WA TABATA WALIVYOKWENDA MAHAKAMANI

Tabata ilikuwa na dampo la jiji tangu siku ambazo eneo lile lilikuwa la mashamba na nyumba chache. Mji ulipopanuka watu walijenga, wakaoa, wakazaa, na malori ya taka yakaendelea kuja. Taka zilichomwa moto, moshi ukaingia vyumbani. Nzi walijaa kwenye vyakula. Wakazi walilalamika kwa viongozi wakaambiwa wavumilie.

Mwaka 1988 walichoka kuvumilia. Walifungua Mahakama Kuu shauri la madai namba 299 la mwaka huo dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mwaka huo huo Mahakama iliamua kwamba wana haki. Halmashauri iliamriwa iache kumwaga taka Tabata, na itengeneze dampo mahali ambapo halitahatarisha afya ya watu walio jirani.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo, lakini sivyo. Halmashauri ilirudi mahakamani kuomba muda zaidi, ikisema haina mahali pengine pa kupeleka taka. Muda ulipokwisha, malori yalikuwa bado yanakwenda Tabata. Mwezi Septemba 1991 ombi jingine la kuongezewa muda lilifika mbele ya Jaji Lugakingira, naye akalikataa. Katika uamuzi wake alishangaa waziwazi. Alisema hajapata kusikia popote kwamba chombo cha umma, au hata mtu binafsi, kimekwenda mahakamani bila wasiwasi kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, wawe wengi au wachache.

Jaji alisimama juu ya Ibara ya 14 ya Katiba yetu, inayosema kwamba kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria. Yafaa ieleweke kwamba haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na raia aliweza kuzidai mahakamani kuanzia Machi 1988 tu. Kwa hiyo wakazi wa Tabata walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa nchini kuonja matunda ya haki hizo.

Tunaomba wazazi watafakari maana ya uamuzi ule. Wengi wetu tukisikia "haki ya kuishi" tunafikiria panga au risasi, yaani mtu asiuawe. Jaji alituonyesha kwamba maisha yanaweza kuondolewa pia polepole, kwa moshi unaovutwa kila usiku na kwa kuhara kunakorudi kila masika. Mtoto anayekufa kwa kipindupindu hana jeraha, lakini amekufa. Kama kuna aliyeweza kuzuia akaacha, basi yuko wa kujibu.

KISHA ZAMU YA KUNDUCHI MTONGANI

Malori yalipofungiwa njia ya Tabata yalielekezwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko hawakungoja miaka. Mwaka 1991 watu 795 kwa pamoja walikwenda Mahakama Kuu katika shauri dogo la madai namba 90. Shauri lao lilisikilizwa na Jaji Rubama.

Naye aliwapa haki. Aliutengua uamuzi wa Halmashauri wa kumwaga taka pale, akaikataza isiendelee, na akaiamuru itimize wajibu wake wa kisheria kwa kuandaa mahali pa kumwagia taka pasipohatarisha afya za watu. Ibara ya 14 ilitajwa tena. Ikawa sasa hukumu mbili za Mahakama Kuu, za majaji wawili tofauti, zinazosema neno moja: uchafu unaohatarisha maisha ni uvunjaji wa haki ya kuishi.

Tunapenda msomaji aitazame vizuri ile namba 795. Wale hawakuwa matajiri wenye mawakili wa kudumu. Walikuwa majirani waliokaa chini wakakubaliana, kila mmoja akaweka jina lake. Mmoja angeweza kuonekana msumbufu wa mtaa, lakini watu 795 hakuna ofisi inayoweza kujifanya haijawaona.

JE, TAKA ZILIKWISHA?

Hapa ndipo tunapotaka kusema ukweli wote, maana hadithi hii haina ushindi mtupu.

Hukumu iliwaokoa watu wa Tabata, na nyingine ikawaokoa watu wa Mtongani. Lakini Kariakoo iliendelea kuuza nyanya, na nyanya ziliendelea kuoza. Katika miaka ile Halmashauri ilikuwa na malori machache, mengi yakiwa mabovu, na ni sehemu ndogo tu ya taka za jiji iliyozolewa. Malundo yalikaa mitaani mpaka mwaka 1992 ikabidi ifanyike kampeni ya dharura ya kusafisha jiji. Mwaka 1994 kazi ya kuzoa taka katika kata za katikati ya mji ilianza kupewa kampuni binafsi, na wakazi wakatakiwa kulipa ada.

Na dampo? Lilihamia Vingunguti katika miaka ya 1990, kando ya bonde la Mto Msimbazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likahamia Mtoni. Baadaye likapelekwa Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilometa 20 kutoka Kariakoo. Kila lilipohama walikuwepo watu, au watu walifuata. Vingunguti nako palikuwa na nyumba za watu, na Mtoni vilevile.

Wapo wanaosema kwamba hayo yanaonyesha udhaifu wa mahakama. Hoja yao ni hii: jaji hawezi kuendesha lori wala kununua kiwanja cha dampo. Akisema "acheni" bila kujua taka zitakwenda wapi, anahamisha tatizo kutoka kwa wenye sauti kwenda kwa wasio na sauti. Tena, Halmashauri ikitozwa fidia, fedha hizo zinatoka kwenye kodi na ushuru wa wananchi walewale, na zilikuwa zinunue malori.

Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Lakini tuwaulize wenye hoja: bila hukumu ile, Halmashauri ingetafuta lini mahali pengine? Wakazi walilalamika miaka na miaka bila kusikilizwa. Tena majaji hawakusema "acheni" peke yake. Waliamuru pia dampo lisilohatarisha afya litengenezwe. Sehemu ya kwanza ya amri ilitekelezwa kwa kuhama. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo ngumu na ya gharama, ndiyo iliyochelewa. Kosa si la hukumu, bali la kuisoma nusu.

Nasi wakazi wa katikati ya mji tuliisoma nusu vilevile. Tulidhani kesi ni ya watu wa Tabata na Halmashauri. Hatukujiona ndani yake, ingawa yale maganda yalitoka kwetu.

TAKA ZINAVYOINGIA MWILINI

Huu ni ukurasa wa afya, basi tueleze jinsi lundo la taka linavyomfikia mtoto kitandani.

Kwanza, nzi. Nzi hutaga mayai kwenye uchafu wenye unyevu. Akitoka kwenye lundo au chooni hubeba vijidudu miguuni na kuviacha kwenye uji wa mtoto. Ndivyo kuhara na kuhara damu vinavyosambaa.

Pili, maji. Mvua ikinyesha juu ya lundo, maji machafu hutiririka mpaka visimani na kwenye mabomba yaliyopasuka. Mifuko na chupa zikiziba mitaro, maji ya vyoo hufurika uani. Hii ni njia kuu ya kipindupindu. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikasambaa hadi karibu mikoa yote ya nchi.

Tatu, mbu. Mbu wa malaria anajulikana, ila taka huleta na wengine. Yupo anayezaliana katika maji machafu ya mitaro na mashimo ya vyoo, naye hueneza ugonjwa wa matende na mabusha. Yupo mwingine anayezaliana katika makopo, vifuu na matairi yaliyotuama maji ya mvua, naye huuma mchana. Huyo ndiye aliyeleta homa ya dengi iliyolikumba jiji mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Nne, panya. Palipo na mabaki ya chakula pana panya, na mkojo wa panya unaweza kueneza homa ya mgunda, ambayo Watanzania wengi walilisikia jina lake mwaka 2022 ilipozuka mkoani Lindi.

Tano, moshi. Kuchoma plastiki uani hakumalizi taka, bali huzigeuza sumu inayovutwa. Wanaoumia kwanza ni watoto wachanga, wazee, wajawazito na wenye pumu.

Sita, vyenye ncha kali. Sindano, nyembe na chupa zilizovunjika zikichanganywa na taka za kawaida humchoma mzoa taka au mtoto anayeokota vyuma chakavu, zikamletea pepopunda au homa ya ini.

Mtoto akianza kuharisha, mzazi asingoje. Ampe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Ampe kidogo kidogo, aendelee kumnyonyesha, na ampeleke kituo cha afya haraka. Choo kikiwa kama maji ya mchele, aende saa hiyohiyo.

NANI MWENYE KUJIBU?

Wanasheria wana neno dhima. Maana yake ni wajibu wa mtu au chombo kujibu kwa madhara aliyoyasababisha, na pengine kulipa fidia. Katika mambo ya taka, dhima ni ya nani?

Kwa Tabata na Mtongani jibu lilikuwa Halmashauri, kwa kuwa sheria ndiyo iliyoipa kazi ya kuondoa taka. Aliyetaka kuishtaki Serikali Kuu, yeye alikuwa na kikwazo kingine. Sheria ilimtaka apate kwanza kibali cha serikali hiyo hiyo anayotaka kuishtaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Mahali pake pakawekwa taarifa ya siku 90: unaiarifu Serikali nia yako ya kuishtaki, unangoja siku hizo, kisha unaweza kwenda mahakamani.

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, sheria namba 20 ya mwaka huo. Yale ambayo wakazi wa Tabata walilazimika kuyatafuta ndani ya haki ya kuishi, sheria hii iliyaandika wazi: kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na anaweza kwenda kudai haki hiyo mahakamani. Sheria hiyo hiyo inasema pia kwamba kila mtu ana wajibu wa kuyalinda mazingira. Haki na wajibu vimeandikwa pamoja.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2020 sheria mbili zilirekebishwa. Ya kwanza ilizijumuisha halmashauri katika utaratibu wa kushtaki Serikali, pamoja na taarifa ya siku 90 na sharti la kumuunganisha Mwanasheria Mkuu. Ya pili ilimtaka anayedai haki za Katiba aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Waliounga mkono walisema mahakama zisijazwe na kesi za watu wasioguswa na jambo. Waliopinga walisema maskini na mgonjwa mara nyingi husemewa na mwingine, na kwamba siku 90 ni nyingi wakati kipindupindu kinabisha hodi. Ubishi huo nao ulifikishwa mahakamani.

Majirani zetu wa Kenya wametoa funzo la karibuni. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisambaza sumu ya risasi kwa wakazi wapatao 3,000. Watoto waliugua, akina mama waliharibikiwa mimba. Mwanamke mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi kiwandani hapo na ambaye mwanawe alipata sumu hiyo, aliongoza wakazi kudai haki. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023. Lakini tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha. Dhima haikuwekwa kwa wenye kiwanda peke yao. Vyombo vya serikali vilivyopaswa kukisimamia navyo viliwajibishwa.

Hapo tunajifunza jambo kubwa. Mwenye kujibu si yule tu aliyemwaga sumu, bali pia aliyekabidhiwa kulinda akafumba macho. Dunia nayo imeanza kulitambua hilo: tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba mazingira safi na yenye afya ni haki ya binadamu.

Lakini tukikubali kwamba aliyefumba macho anajibu, tujiulize na sisi. Mfuko unaotupwa mtaroni usiku umetupwa na nani? Taka ya dukani inayosukumiwa mbele ya duka la jirani ni ya nani? Mahakama haitamwita kila mmoja wetu kizimbani. Dhamiri inaweza kumwita.

FAMILIA IFANYE NINI?

Mwaka 1973 taifa letu liliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya." Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hakuna aliyesubiri hukumu. Nguvu ile ya kukaa pamoja na kuamua bado tunayo, katika mitaa yetu na katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Tunapendekeza haya:

1. Tenganisheni taka nyumbani. Maganda na mabaki ya chakula yawekwe peke yake, chupa na plastiki peke yake. Sindano na nyembe zifungwe ndani ya chombo kigumu. Taka iliyotenganishwa ina wanunuzi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, basi twendeni sokoni na vikapu kama mama zetu.

2. Funikeni debe la taka, wala msichome plastiki uani. Kila wiki mwageni maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi.

3. Lipeni ada ya taka na mdai risiti. Anayelipa ana kinywa cha kuuliza gari limekwenda wapi. Mheshimuni mzoa taka: mpeni maji, msimfiche chupa zilizovunjika.

4. Kero ikizidi, andikeni. Daftari la mtaa liwe na tarehe, mahali, kilichomwagwa, na waliougua. Pigeni picha, tunzeni vyeti vya hospitali. Mahakamani harufu haionekani, bali ushahidi unaonekana.

5. Fuateni ngazi. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji, nendeni kwa bwana afya wa kata na diwani, kisha Halmashauri. Kwa Kariakoo hiyo sasa ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo kabla ya mwaka 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Uchafuzi mkubwa upelekwe pia kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC.

6. Ikibidi kwenda mahakamani, nendeni wengi kwa pamoja, na mkumbuke taarifa ya siku 90. Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wanaotoa msaada huo bure kwa wasiojiweza, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Tena tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, ila pale sheria inaporuhusu vinginevyo.

7. Mkidai taka ziondoke kwenu, ulizeni zinakwenda wapi. Hili ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote. Mtaa unaosema "popote, mradi si hapa" unamwandalia mwingine kesi ya Tabata. Daini dampo lenye ukuta, lenye kufukiwa udongo kila siku, lililo mbali na visima vya watu. Na punguzeni kile mnachokipeleka huko.

MWISHO

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tabata ilinyolewa, ikafuata Mtongani, halafu Vingunguti, halafu Mtoni. Majaji wamekwisha kutuambia kwamba uhai wa mtu hauna kata ya hadhi ya chini, na kwamba hakuna ofisi yenye ruhusa ya kuwapa watu maradhi kwa sababu haina mahali pengine pa kumwaga. Lililobaki ni kwetu sokoni na majumbani: kuhakikisha kwamba usafi wa Kariakoo haununuliwi kwa kikohozi cha mtoto wa Pugu.

Jumuiya au mtaa uliojipanga vizuri katika kuzoa na kutenganisha taka utuandikie jinsi ulivyofanya, ili wengine wajifunze. Mwezi ujao tutaendelea na maji ya visima: namna ya kuyajua kama ni salama, na namna ya kuyatibu nyumbani.